Fedha Ilikotoka, Fedha Ilikokwenda

Kila mwenye biashara aliyewahi kuletewa vitabu vya mwaka analijua swali hili, hata kama hakulitamka: kama nimepata faida, mbona sina hela? Mhasibu ninayemtazama akifanya kazi hapa Morogoro ameulizwa hivyo na wateja wengi, na swali halimkeri tena. Wala halijibu kwa mdomo. Anavuta karatasi pana yenye mistari, anachonga kalamu ya risasi, anaanza.

Safari hii aliyeuliza ni mzee mwenye kampuni ya familia inayouza vifaa vya ujenzi: saruji, nondo, mabati, misumari, rangi. Vitabu vinasema kampuni imepata faida ya shilingi milioni 84 kabla ya kodi. Vitabu hivyohivyo vinasema fedha iliyokuwa milioni 41 mwaka ulipoanza ilibaki milioni 12 mwaka ulipokwisha. (Tarakimu nimezibadilisha ili mzee asijulikane, namna zinavyohusiana sijaigusa.) Mzee hakugomba. Alisema tu, "Binti yangu, hizo 84 nimeziona kwenye karatasi. Nionyeshe zilipokaa." Naye akamjibu, "Sawa mzee, nitakuonyesha."

Kitakachomwonyesha ni taarifa ya mtiririko wa fedha. Ikikamilika haizidi ukurasa mmoja, na watu wengi huufunua ukurasa huo bila kuusoma: wanatafuta faida, wanatafuta kodi, wanafunga kitabu. Ukiilinganisha na mizania na taarifa ya faida, hii ndiyo changa. Utaratibu wa kuandika kila muamala pande mbili ulichapishwa Venice na Luca Pacioli mwaka 1494. Kitabu cha William Morse Cole wa Harvard, chenye jedwali la kuonyesha mali ya biashara imetoka wapi na imekwenda wapi, kilitoka mwaka 1908. Marekani iliifanya taarifa ya mtiririko wa fedha kuwa ya lazima mwaka 1987, kiwango cha kimataifa cha IAS 7 kikapata umbo lake la sasa mwaka 1992, na Tanzania ikaanza rasmi kufuata viwango vya kimataifa mwaka 2004. Mzee wetu alikuwa ameshafungua duka lake.

Mezani pana kalamu za risasi, kifutio, rula ya chuma, kalamu moja nyekundu, na kikokotoo cha zamani kinachotoa utepe wa karatasi. Kompyuta ipo pia. Programu ya hesabu iliyomo inaweza kuitoa taarifa hii kwa kubofya mara moja, naye ameshabofya, amechapa, na karatasi iliyotoka ameilaza kifudifudi pembeni ya meza. Ataifunua baadaye. Kwanza anataka kufika mwenyewe.

Anaanza na jambo ambalo wengi wangelipita: kukubaliana fedha ni nini. Anafungua faili la tarehe 31 Desemba. Karatasi ya juu ni ya kuhesabu sanduku la dukani, noti kwa noti, elfu kumi ngapi, elfu tano ngapi, mpaka sarafu, na chini yake saini mbili. Jumla ya noti na sarafu ni milioni 1. Pamoja na noti hizo palikuwa na hundi ya mkandarasi ya milioni 7, na mtunza fedha alikuwa ameijumlisha pembeni, ingawa vitabu havikuihesabu kuwa fedha. Mhasibu anaigeuza, anasoma tarehe, anaitoa. Imeandikwa tarehe ya Februari. Hundi ya tarehe ya mbele ni ahadi, na mwenye kuahidi bado anadaiwa. Hundi inabaki kwenye orodha ya wadaiwa.

Kisha benki. Taarifa ya benki inaonyesha milioni 9.4, daftari la fedha linaonyesha 8. Anaweka rula chini ya mstari wa kwanza wa daftari, anatafuta mwenzake kwenye taarifa ya benki, anatia alama ya vema pande zote mbili, anashusha rula. Mstari baada ya mstari. Kwenye ukurasa wa mwisho unabaki mstari mmoja usio na alama: hundi ya milioni 1.4 aliyopewa msambazaji wa rangi siku za mwisho za Desemba, ambayo msambazaji hakuwa ameipeleka benki. Anatoa 1.4 kwenye 9.4, anapata 8. Anaandika usuluhishi huo kwenye karatasi yake, anaweka herufi A pembeni. Zimebaki milioni 3 za lipa namba, ambazo ana taarifa yake kutoka kampuni ya simu. Moja, nane, tatu. Jumla 12.

Namuuliza, je, kama mzee angekuwa na amana ya muda benki? Inategemea, anasema. Iliyowekwa kwa miezi mitatu au pungufu huhesabiwa pamoja na fedha kwa kawaida. Ya miezi sita hubaki nje, kwa sababu huwezi kuifikia kesho asubuhi ukitaka kulipa mishahara.

Sasa karatasi pana. Anachora safu nne: jina la akaunti, mwaka jana, mwaka huu, tofauti. Kushoto anaandika mizania yote ya kampuni kutoka juu hadi chini, na kazi hii anaifanya kwa mkono ingawa angeweza kuinakili kutoka kwenye kompyuta. Nadhani ninaona sababu. Mkono ukiandika, jicho linalazimika kusimama kwenye kila tarakimu. Bidhaa ghalani: 160, sasa 222, tofauti 62. Wadaiwa: 70, sasa 128, tofauti 58. Mali za kudumu: 140, sasa 219, tofauti 79. Wadai: 95, sasa 121, tofauti 26. Riba ambayo haijalipwa: haikuwepo, sasa 2. Kodi inayodaiwa: 5, sasa 8. Mikopo ya benki: 80, sasa 178, tofauti 98. Faida iliyobakizwa ndani ya kampuni imeongezeka kwa 41.

Anajumlisha kwa kikokotoo na utepe unatoka. Mali zote zisizo fedha zimeongezeka kwa milioni 199. Madeni na haki za wenye kampuni vimeongezeka kwa milioni 170. Pengo ni 29, na 29 ndiyo iliyopungua kutoka 41 hadi 12.

Hapo nilisogea karibu zaidi. Jibu lote la mzee lilikuwa tayari limelala kwenye safu moja ya tofauti, katika mizania mbili alizokuwa nazo siku zote. Ila lilikuwa limefumbwa. Tofauti ya 79 kwenye mali za kudumu ni kununua na kuuza na kuchakaa, vyote vimevurugika pamoja. Tofauti ya 98 kwenye mikopo ni kukopa na kulipa. Kazi iliyobaki ni kuzifumua, na anazifumua jinsi fundi cherehani anavyofumua shati analotaka kuona lilivyoshonwa: uzi kwa uzi, bila kuchana.

Kwa kila tofauti yenye mchanganyiko anachora akaunti ya umbo la herufi T. Ya mali za kudumu inaanza na 140 upande wa kushoto. Anafungua jalada la ununuzi. Lori jipya, 75. Upanuzi wa ghala, 30. Upande wa kulia anaweka uchakavu wa mwaka, 18, na thamani iliyobaki vitabuni ya pikapu kuukuu iliyouzwa, 8. Anapiga hesabu: 140, ongeza 105, toa 26. Inabaki 219. Anatia vema.

Ya mikopo: 80 mwanzo, 50 za lori, 70 za kuendeshea biashara, toa 22 za marejesho, 178. Vema. Ya kodi ya mapato: deni la mwaka jana 5, kodi ya mwaka huu 25, na mwisho wa mwaka bado inadaiwa 8. Kwa hiyo zilizolipwa ni 22. Hapo hakuridhika na hesabu ya kutoa. Alitafuta stakabadhi za malipo kwa Mamlaka ya Mapato, akazipanga mezani: deni la mwaka jana 5, kisha awamu nne za mwaka huu, jumla 17. Tano na kumi na saba ni 22. Ndipo akaandika.

Akaunti zote za T zikiwa zimefungwa, anachukua karatasi safi na kuandika juu yake: shughuli za uendeshaji. Mstari wa kwanza, faida kabla ya kodi, 84.

Kuna njia mbili za kuanza sehemu hii. Moja huorodhesha fedha zenyewe: wateja walilipa kiasi gani, wasambazaji walilipwa kiasi gani, wafanyakazi kiasi gani. Mwenye duka huielewa bila kufundishwa, na IAS 7 inaipendelea. Nyingine huanza na faida na kurudi nyuma, ikiondoa kila kilichoingia kwenye faida bila kupita kwenye fedha. Kampuni nyingi hutumia hii ya pili, naye anaitumia, kwa sababu mzee aliuliza kuhusu faida yake na jibu lazima lianzie hapo alipouliza.

Chini ya 84 anaandika uchakavu, ongeza 18. Mstari huu umewapoteza wasomaji wengi. Wakiona uchakavu umeongezwa, hudhani umeleta hela, na nimewahi kumsikia mtu mwenye shahada akisema hivyo mbele ya watu. Uchakavu hauleti chochote. Faida ilikuwa imepunguzwa kwa milioni 18 kwa ajili ya kuchakaa kwa magari na rafu, na hakuna mtu aliyelipwa hizo 18. Anazirudisha mahali zilipotolewa, basi. Riba, 14, anairudisha pia, lakini kwa sababu nyingine: ataishughulikia mbele kwa mstari wake wenyewe. Kisha anatoa 3. Pikapu iliyokuwa na thamani ya 8 vitabuni iliuzwa kwa 11, na ile 3 iliyozidi imo ndani ya faida. Fedha yote 11 itaonyeshwa kwenye sehemu ya uwekezaji. Akiiacha 3 hapa, itahesabiwa mara mbili.

Themanini na nne, kumi na nane, kumi na nne, toa tatu: 113. Anachora mstari kwa rula. Hiyo ndiyo fedha ambayo biashara ingekuwa imeleta, kabla ya riba na kodi, kama madeni ya wateja na ya wasambazaji yasingebadilika, na ghala lingebaki lilivyokuwa.

Lakini ghala halikubaki lilivyokuwa. Bidhaa zimeongezeka kwa 62, naye anaandika 62 ndani ya mabano, maana mabano kwa wahasibu ni fedha iliyotoka. Wadaiwa wameongezeka kwa 58, mabano tena. Wadai wameongezeka kwa 26, na hii haina mabano, kwani bidhaa uliyochukua bila kulipa imeacha hela yako mfukoni, walau kwa muda. Kwa wadaiwa alijihakikishia kwa njia ya pili. Alichukua mauzo ya mwaka, akatoa ongezeko la wadaiwa, akapata kiasi ambacho wateja walipaswa kuwa wamelipa. Kisha akajumlisha safu ya mapokezi katika daftari la fedha, VAT akiwa ameiweka kwenye karatasi yake ya pembeni, akalinganisha. Utepe wa kikokotoo ulifika sakafuni. Hakuukata mpaka alipousoma wote.

Baada ya hapo riba: 14 ilikatwa kwenye faida, lakini 2 bado haijalipwa, kwa hiyo iliyotoka ni 12. Ameiweka kwenye uendeshaji. Kiwango kilimpa hiari ya kuiweka huko au kwenye ugharamiaji, yaani sehemu ya mikopo na gawio, mradi asibadilishebadilishe mwaka hadi mwaka. Kwa kampuni nyingi zinazofuata viwango kamili vya kimataifa hiari hiyo inakaribia kwisha: IFRS 18, kilichotolewa Aprili 2024 na kitakachoanza kutumika tarehe 1 Januari 2027, kinaipeleka riba inayolipwa kwenye ugharamiaji. Kodi, 22, mabano.

Sehemu ya pili, uwekezaji: lori 75 na ghala 30 ndani ya mabano, pikapu 11 imeingia. Sehemu ya tatu, ugharamiaji: mikopo 120 imeingia, marejesho 22 na gawio la wanafamilia 18 zimetoka. Anajumlisha rasimu. Uendeshaji umetumia 15, uwekezaji umetumia 94, ugharamiaji umeleta 80. Jumla, pungufu ya 29.

Zimekubaliana. Hapo ndipo alipoifunua ile karatasi ya programu. Nayo ilisema 15, 94, 80, na 29 chini, mstari kwa mstari sawa na ya kwake. Mimi ningeinuka nikanywe chai.

Yeye alichukua kalamu nyekundu. Alizungushia tarakimu mbili: 26 ya wadai na 120 ya mikopo. Nilipomtazama kwa mshangao alisema, "Kukubaliana si tatizo. Hizi zitakubaliana hata zikiwa na makosa." Na ni kweli, ukifikiri. Kiasi kilichozidishwa kwenye sehemu moja na kupunguzwa kwa kiwango kilekile kwenye nyingine hakiachi alama kwenye jumla ya chini. Jumla hiyo inathibitisha kwamba hakuna kilichoanguka njiani. Haithibitishi kwamba kila kitu kimekaa mahali pake.

Anaichukua orodha ya wadai na kuipitia jina kwa jina, akiuliza kila jina swali moja kimoyomoyo: huyu anatudai nini? Kiwanda cha saruji, saruji. Vema. Msambazaji wa nondo, nondo. Vema. Mabati, misumari, umeme wa Desemba. Vema, vema, vema. Karibu na mwisho wa orodha kalamu inasimama. Milioni 6, mjenzi wa ghala. Anafungua mkataba wake. Mjenzi alikubali sehemu ya malipo izuiliwe mpaka mvua za masika zipite na paa lithibitike halivuji. Basi hizo 6 si deni la bidhaa za kuuza. Ni sehemu ya ghala ambayo haijalipiwa. Ongezeko la wadai wa biashara ni 20, si 26. Na fedha iliyotoka kwa ajili ya ghala ni 24, si 30.

Kisha mikopo. Analeta mkataba wa mkopo wa lori na taarifa ya benki ya mwezi ule. Anatafuta siku ambayo milioni 50 ziliingia kwenye akaunti ya kampuni. Anarudia. Hazikuingia. Benki ilimlipa muuza magari moja kwa moja, na kwenye akaunti ya kampuni kinaonekana kitu kimoja tu: malipo ya awali ya 25 yakitoka. Lori lipo, deni lipo, lakini fedha hiyo haikupita mikononi mwa kampuni hata kwa dakika moja. Kwa hiyo haina nafasi kwenye taarifa ya fedha. Anaitoa pande zote mbili, 50 kwenye uwekezaji na 50 kwenye ugharamiaji, na chini ya ukurasa anaandika maelezo mafupi kwamba lori la 75 lilinunuliwa, 50 zikilipwa na benki kwa muuzaji, ili msomaji asidhani limefichwa.

Anafuta, anaandika upya, polepole, tarakimu zikiwa zimepangana chini ya tarakimu. Uendeshaji: 113, toa 62, toa 58, ongeza 20, inabaki 13, toa riba 12, toa kodi 22. Mabano, 21. Uwekezaji: lori 25, ghala 24, pikapu 11 imeingia. Mabano, 38. Ugharamiaji: mkopo 70, marejesho 22, gawio 18. Thelathini, bila mabano. Jumla ya chini haikubadilika hata shilingi: 29. Lakini uendeshaji ulioonekana kumeza 15 sasa unaonekana kumeza 21, na benki iliyoonekana kuleta 120 imeleta 70. Ni ukurasa mwingine kabisa, wenye mwisho uleule.

Kazi ya namna hii haina pa kujionyesha. Fundi seremala akimaliza kabati, mteja hupitisha mkono juu ya ubao. Mhasibu huyu ametumia sehemu kubwa ya muda wake kwa milioni 6 na milioni 50 ambazo, akishamaliza, hazionekani tena kwenye ukurasa, na ukurasa ungefunga bila yeye kuzitafuta. Hakuna ambaye angemuuliza. Nilipoitazama karatasi safi ikitoka kwenye printa, ilifanana sana na ile ya mwanzo.

Sehemu ya kwanza ikiwa ndani ya mabano huku faida ikiwa nzuri, mtu mwenye busara husimama akafikiri. W. T. Grant ilikuwa kampuni ya Marekani yenye maduka zaidi ya 1,000. Iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Oktoba 1975, na mwaka uliofuata ikafilisiwa. Wachambuzi wawili, James Largay na Clyde Stickney, walizipitia hesabu zake na kuchapisha walichokiona mwaka 1980: kwa miaka mingi kampuni ilitangaza faida huku uendeshaji wake ukila fedha badala ya kuleta. Fedha ilikuwa imekwama kwenye bidhaa na kwa wateja waliouziwa kwa mkopo. Taarifa iliyodaiwa Marekani wakati huo iliruhusu fedha, bidhaa na wadaiwa kuwekwa kwenye fungu moja la mtaji wa uendeshaji, kwa hiyo fungu lilionekana limenona. Lililonona lilikuwa deni la wateja na bidhaa zisizouzika.

Duka la Morogoro si W. T. Grant, na mhasibu hakumtisha mzee kwa habari za Marekani. Biashara inayokua nayo huweza kuwa na mabano kwenye uendeshaji kwa mwaka mmoja, kwa sababu hununua kabla ya kuuza. Ukurasa hausemi kama nondo zilizoko ghalani zitauzwa mwezi ujao au zitashika kutu. Hilo mzee analijua kuliko karatasi.

Mzee alipokuja, alipewa shikamoo na kiti, na ukurasa ukawekwa mbele yake. Mhasibu hakuanza juu. Aliweka ncha ya kalamu kwenye 62, akaipeleka kwenye 58. "Faida yako ipo, mzee. Hii iko ghalani. Hii iko kwa wakandarasi." Mzee akasoma kimya, midomo ikicheza, mpaka sehemu ya tatu. Akarudi juu kwenye mabano ya 21. Akashuka tena kwenye mkopo wa 70 na gawio la 18.

"Kwa hiyo gawio tuligawana hela ya benki?"

"Ndiyo, mzee."

Hakuongeza neno, wala hakuhitaji. Mzee aliomba orodha ya wakandarasi, mwenye deni kubwa akiwa juu, na siku ambazo kila deni limekaa. Orodha ilikuwa tayari ndani ya jalada, kwenye karatasi yenye herufi C.

Nawe ukiletewa vitabu vya mwaka wako, usiishie kwenye ukurasa huu mmoja hata kama jumla yake inakubaliana na benki. Omba karatasi za kazi zilizouzaa. Uliza ongezeko la wadai ni la kina nani, na mkopo mpya ulipita kwenye akaunti ipi, siku gani. Mhasibu aliyeifanya kazi hiyo hatachukia kuulizwa. Atanyoosha mkono tu na kukufungulia faili.